Mkato unaangukia wapi? Mwongozo kamili wa uwiano na mizani katika mavazi

Chukua shati, suruali na viatu unavyovaa kila siku. Ukiliacha shati nje, unaonekana mfupi na mnene. Ukilichomekea, miguu inarefuka na kiuno kinaonekana. Mwili haujabadilika hata kidogo. Kilichosogea ni mahali shati linapoishia.

Kila mahali nguo inapoishia, rangi inapobadilika au mkanda unapopita, pana mstari unaoukata mwili vipande. Katika mwongozo huu tutauita mstari huo mkato. Jicho la anayekutazama husimama kwenye kila mkato, likapima kipande cha juu na cha chini, ndipo likaamua kama wewe ni mrefu, mfupi, mpana au mwembamba. Nguo ikikataa kukaa vizuri, wengi huulaumu mwili: tumbo, nyonga, ufupi. Mara nyingi kosa lenyewe ni mkato uliokaa sentimita nane chini ya pale ulipotakiwa, na sentimita nane zinarekebishika.

Pima kwanza, kabati baadaye

Unahitaji futikamba, kioo kirefu cha kukuonyesha hadi miguuni, kitabu chenye jalada gumu, na simu yenye kamera. Vaa nguo za kubana za rangi moja na viatu unavyovaa siku nyingi zaidi. Viatu vina maana hapa, kwa sababu kisigino cha sentimita tano hubadilisha hesabu yote ya chini.

Kipimo cha kwanza ni bega hadi sakafuni. Anzia pale bega linapokutana na shingo, shuka kwa mbele mpaka chini. Usianzie kwenye ncha ya bega: mafundi na wauzaji wengi hupima urefu wa shati, gauni na koti kuanzia karibu na shingo, hivyo kipimo chako na cha nguo vitalingana bila kukisia. Ni vyema mtu mwingine akushikie futikamba, maana ukiinama kusoma namba unajipunguzia urefu.

Kipimo cha pili ni bega hadi kiunoni. Kiuno chako halisi kinaweza kuwa si pale unapofungia suruali. Simama wima kisha inama upande mmoja kama unayejinyoosha. Pale ngozi inapojikunja ndipo kilipo.

Cha tatu ni urefu wa miguu. Vua viatu, egemea ukuta, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka kiguse msamba, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Gawa kwa kimo chako. Watu wazima wengi huangukia karibu na asilimia 45 hadi 47. Ukiwa chini ya hapo, kiwiliwili chako ni kirefu kuliko miguu. Ukipita 48, miguu ndiyo mirefu. Andika jibu hili mahali, maana ushauri kuhusu kiuno hugeuka kabisa kati ya mwili mmoja na mwingine, na hapo ndipo watu wengi huchukua ushauri usiowahusu.

Mwisho piga picha. Weka simu kwenye kitu imara usawa wa kitovu, mita tatu kutoka ulipo, tumia kipima muda, na simama mikono ikiwa mbali kidogo na mwili. Urefu huo wa kamera ni wa lazima. Picha inayopigwa kutoka usawa wa macho na kwa karibu hukuza kichwa na mabega na kufupisha miguu, kisha mtu anaanza kutibu ugonjwa asio nao. Kwenye picha chora mistari miwili ya mlalo, mmoja kwenye mabega na mwingine mahali nyonga zilipo pana zaidi, ulinganishe urefu wake.

Hesabu ya theluthi

Mwili uliokatwa katikati huonekana kama masanduku mawili yaliyopandana. Hakuna kipande kinachoongoza, na mtazamaji anaona upana kabla ya urefu. Ukiugawa kwa vipande visivyo sawa, kimoja kifupi na kingine kirefu, jicho hulazimika kusafiri kwenye kile kirefu. Kipimo kinachofanya kazi kwa wengi ni theluthi moja dhidi ya theluthi mbili. Kinaweza kulegea hadi mbili ya tano dhidi ya tatu ya tano bila kuharibika.

Tuchukue mtu ambaye bega hadi sakafuni, akiwa na viatu, ni sentimita 140. Hii ndiyo ramani yake:

- 140 × 0.33 = 46. Mkato wa juu kabisa unaofaa, karibu na kiuno.
- 140 × 0.40 = 56. Mwisho wa eneo zuri la mkato wa juu, juu ya nyonga.
- 140 × 0.50 = 70. Nusu. Epuka mkato mkali hapa.
- 140 × 0.67 = 94. Mkato mzuri wa chini, jirani na goti.

Sasa tazama mashati ya kawaida kabatini. Mengi yana urefu wa sentimita 66 hadi 74. Kwa mtu huyu, shati lililoachwa nje linaangukia nusu kamili, chini kidogo tu ya msamba, na miguu yote iliyo juu ya hapo inahesabiwa kuwa kiwiliwili. Ndiyo maana shati lile lile linalompendeza mtu wa kimo kikubwa humfupisha mwenye kimo kidogo. Kosa haliko kwenye mtindo, liko kwenye namba.

Njia za kulitoa shati katika nusu ni nne. Kuchomekea lote ndiyo rahisi zaidi. Kuchomekea upande wa mbele tu, upana wa kiganja kimoja na nusu karibu na kifungo cha suruali, kunaleta mkato kiunoni huku nyuma na pembeni pakibaki pamefunikwa. Huu ndio tunaoupendekeza kwa mwenye makalio asiyependa yaonekane, au mwenye tumbo laini. Njia ya tatu ni kulipunguza urefu mpaka sentimita 54 au 55. Ya nne ni kuvaa juu yake koti au kizibao kirefu kilichofunguliwa, kinachofika kwenye 94: mkato wa shati unabaki ndani, lakini jicho linafuata kingo mbili ndefu za nje.

Uwiano uliogeuzwa, juu theluthi mbili na chini theluthi moja, ni mzuri vilevile na umesahaulika mno. Gauni linalogusa goti ni huo. Joho refu au shati refu la kufika gotini juu ya suruali nyembamba ni huo pia. Unachodai ni kitu kimoja: kipande cha chini kiwe chembamba na cha rangi tulivu, kwa kuwa kimebaki kifupi na hakiwezi kubeba upana.

Mikato midogo: upindo, mkono na kiatu

Mbali na mkato mkuu kuna ile midogo, na kanuni yake ni fupi: upindo huvuta macho pale unapoishia, basi uishie pembamba. Sehemu nyembamba ni kifundo cha mguu, chini tu ya shavu la mguu, juu kidogo au chini kidogo ya goti, na kifundo cha mkono. Sehemu za kuepuka ni katikati ya shavu la mguu, katikati ya paja nene, na mstari ule nyonga zilipo pana zaidi.

Usikisie urefu wa sketi. Shika kitambaa kikubwa cha rangi moja mbele yako, kifike chini, ukiwa umesimama mbele ya kioo na viatu miguuni. Kipandishe taratibu. Utaona mguu ukinenepa na kukonda kadiri upindo unavyopita. Kila unapokonda simama, mtu akupimie kutoka kiunoni hadi pale. Wengi hupata urefu mbili au tatu unaowafaa. Hizo ndizo namba za kumpelekea fundi maisha yako yote, na tofauti kati ya urefu unaokukaa na usiokukaa mara nyingi haizidi sentimita nne.

Suruali nyembamba ikatwe sentimita mbili hadi tatu juu ya mfupa wa kifundo, au ifike kwenye kiatu na kukunjika kidogo tu. Zile zinazoishia katikati ya shavu la mguu hufupisha karibu kila mtu. Ukizipenda, zivae na viatu vilivyo wazi juu ya unyayo. Bugaluu (suruali inayopanuka kuanzia gotini kwenda chini) na bwanga (suruali pana mguu mzima) ni habari nyingine kabisa. Zinatakiwa kushuka mpaka sentimita moja hadi moja na nusu kutoka sakafuni upande wa kisigino, zikikifunika kiatu. Bwanga likiishia juu ya kifundo huku likiwa pana, mguu unaonekana kama fimbo iliyochomekwa kwenye ndoo. Upindo uliokunjiwa nje, ule wa sentimita nne, unaongeza mkato mwingine chini. Mwenye miguu mifupi auache.

Mikono ya nguo husahaulika, ilhali huishia jirani na kiwiliwili na kukikata nacho. Mkono mfupi unaoishia usawa wa kifua hukipanua kifua, kwa kuwa jicho huunganisha mikato miwili ya mikono na kifua kilicho katikati ukawa mstari mmoja mrefu wa mlalo. Ushushe sentimita tatu tu kuelekea kwenye kiwiko, au uukunje juu zaidi, mstari utavunjika. Mkono wa robo tatu, ule unaoishia katikati ya kiwiko na kifundo, huangukia usawa wa kiuno mikono ikiwa imeshuka, na unaonyesha sehemu nyembamba ya mkono. Ni silaha nzuri kwa mwenye kifua kikubwa. Mkono mrefu wa shati chini ya koti uchungulie sentimita moja hadi moja na nusu, si zaidi.

Kiatu chenye ukanda unaozunguka kifundo hukata mguu mahali pa mwisho ulipopaswa kuendelea. Haimaanishi usivivae, maana yake ni kwamba siku hiyo upindo wa juu usiwe mkali. Kiatu kinachokaribiana na rangi ya ngozi yako, au na rangi ya suruali na soksi, huendeleza mguu mpaka kwenye vidole. Ncha iliyochongoka huongeza urefu kuliko ya mviringo, na mdomo wa kiatu uliokatwa chini, unaoacha mgongo wa unyayo wazi, hufanya kazi kubwa kuliko kisigino cha sentimita tatu.

Kisha hesabu mikato yote kutoka shingoni hadi chini: kola ya rangi tofauti, upindo wa sweta, shati linalochungulia chini yake, mkanda, upindo wa suruali, soksi, kiatu. Ikizidi mitatu iliyo mikali, ondoa mmoja. Soksi zinazofanana na suruali zinaondoa mmoja bila gharama yoyote.

Kiuno: pa kukiweka, si pa kukibana

Kiuno ni mkato unaouhamisha utakavyo, na suruali ndiyo chombo chake. Pima suruali kutoka msambani hadi ukingo wa juu kwa mbele. Zilizo chini ya sentimita 21 hukaa nyongani. 23 hadi 26 ni za kati. Kuanzia 27 kwenda juu hufika kiunoni kwa watu wengi.

Mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi avae kiuno cha juu, achomekee, na mkanda ufanane na suruali ili uhesabiwe kuwa sehemu ya mguu. Mkanda unaweza kuwa mpana, sentimita nne au tano. Sketi yake ianzie kiunoni kabisa.

Mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi afanye kinyume chake. Suruali ya kiuno cha juu itamla kiwiliwili mpaka kifua kionekane kimekaa juu ya mkanda. Inamfaa ya kati, mkanda wa sentimita mbili hadi tatu unaofanana na shati, na shati linaloshuka kidogo juu ya nyonga. Akilazimika kuvaa gauni lenye mshono kiunoni, mshono ukae sentimita mbili chini ya kiuno chake halisi.

Kuhusu kukibana, kuna somo kubwa katika koti lililoitwa Bar, alilolionyesha mbunifu wa mavazi Mfaransa Christian Dior mjini Paris mwaka 1947. Kiuno kilionekana chembamba mno, na sababu mojawapo ni kwamba sehemu ya nyonga ilijazwa kwa ndani na sketi ilikuwa pana sana. Kiuno huonekana chembamba kwa kulinganishwa na kilicho juu na chini yake. Kukaza mkanda peke yake hutoa nyama juu na chini ya mkanda, kukaleta mikato miwili mipya. Ongeza upana kidogo mabegani au kwenye upindo wa sketi, kiuno kitapungua chenyewe machoni.

Na asiye na kiuno kilichoingia ndani? Asikitafute kwa nguvu. Vaa juu na chini rangi moja, kisha koti la rangi nyingine likiwa wazi. Kinachoonekana mbele ni ukanda mmoja mwembamba wa wima, na upana halisi wa tumbo unabaki nyuma ya kingo za koti. Ukanda huo ukiwa karibu theluthi moja ya upana wa mwili, matokeo ni mazuri sana. Koti likifunguka mno hadi kwapani, faida inapotea. Mshono chini ya kifua, kitambaa kikishuka kutoka hapo, pia hufaa, mradi mshono ukae juu ya mbavu na usipande juu ya kifua chenyewe.

Unapochomekea, chomekea kwanza shati likiwa limevutika, kisha inua mikono yote juu na uishushe. Kitambaa hupanda sentimita tatu hadi tano kikaangukia juu ya mkanda. Usikirudishe. Mkunjo huo mdogo ndio unaoficha tumbo. Shati lililovutwa kama ngoma hulionyesha.

Ujazo

Nguo pana ina ujazo, na ujazo mmoja hutaka kipingamizi. Juu pana na chini nyembamba, au chini pana na juu panapobana: hizo ni salama. Ukiziunganisha na hesabu ya theluthi zinakuwa bora zaidi. Juu pana hupendeza ikiwa fupi, kama sweta nene linaloishia juu ya nyonga, au ikiwa ndefu kabisa ya kufika gotini. Juu pana inayoishia nusu ndiyo inayozamisha watu.

Pana kwa pana inawezekana, ila ina masharti mawili. Kitambaa kimoja angalau kiwe kinachomwagika, kile ambacho ukikishika kwa ncha kinaanguka wima bila kusimama. Na sehemu tatu za mwili zionekane: shingo, vifundo vya mikono, vifundo vya miguu. Hizo humwambia mtazamaji ukubwa halisi wa aliye ndani. Bila hizo, upana wote wa nguo huhesabiwa kuwa ni wako.

Nyembamba kwa nyembamba huonyesha kila kitu, zuri na usilolipenda. Kipande cha tatu kilicho wazi mbele huirekebisha.

Ugumu wa kitambaa nao una kazi yake. Kitambaa kigumu kina umbo lake na hukificha kilicho chini, ila huongeza sentimita kila upande. Laini sana hufuata kila mkunjo. Kwa sehemu usiyopenda ionekane, chagua cha kati: kizito kiasi cha kushuka chenyewe, kikavu kiasi cha kutoshikamana na ngozi. Sweta lenye ukingo wa kubana chini lina hatari yake maalumu, kwa kuwa ukingo hushika nyonga na kitambaa cha juu hujaa juu yake kama mfuko. Kunja ukingo huo ndani mara moja, uvute kidogo juu, na mkato unahamia kiunoni.

Mabega na nyonga

Rudi kwenye picha yenye mistari miwili. Mabega yakiwa mafupi kuliko nyonga, lete vitu juu: shingo pana ya kufika karibu na ncha za mabega, mshono wa bega uliosimama imara, mikono iliyojazwa kidogo juu, rangi angavu, mkufu mfupi, kola kubwa. Chini paachwe patulivu, suruali au sketi inayoshuka wima kutoka mahali nyonga zilipo pana zaidi. Sketi inayobana hadi goti huirudisha nyonga kwenye mazungumzo.

Mabega yakizidi nyonga, fungua shingo kwa V iliyo ndefu kuliko ilivyo pana, weka mishono ya bega isiyo na ujazo, na pelekea uzito chini kwa sketi yenye marinda, suruali yenye mifuko ya pembeni au bwanga. Epuka mikono ambayo mshono wake umeingia ndani ya bega kuelekea shingoni: huonyesha mfupa wa bega kama ncha ya mstari.

Wenye umbo la namba nane mizani wanayo tayari. Kazi yao ni kutoificha chini ya nguo iliyonyooka kama bomba.

Hapa pia ndipo mkoba unapoharibu kazi. Mkoba wa bega huongeza upana pale unapogusa mwili. Ukining'inia nyongani, nyonga imeongezeka. Ufupishe kamba uketi kiunoni au chini ya kwapa. Mwenye kifua kikubwa afanye kinyume, aurefushe. Kwenye jinzi tazama mifuko ya nyuma: midogo na iliyoachana hupanua makalio, mikubwa kiasi na iliyokaribiana huyapunguza, na ikikaa chini mno huyashusha.

Uzito wa macho: rangi, mistari, nakshi

Rangi angavu, nakshi, kung'aa na tofauti kali huvuta macho. Rangi iliyozama na isiyong'aa huyaacha yapite. Weka vya kuvuta pale unapotaka utazamwe. Kitambaa cha kung'aa kina kasoro ya ziada, kwa vile mwanga hukaa juu ya kila sehemu iliyojitokeza na kuiongeza. Juu ya tumbo hakifai, kwenye shingo au mabega kinaweza kufaa sana.

Kuhusu mistari, imani kwamba ya mlalo hunenepesha haina uhakika kama watu wanavyodhani. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza katika karne ya 19 kwamba mraba uliojazwa mistari myembamba ya mlalo huonekana mrefu kwenda juu, na uliojazwa ya wima huonekana mpana. Vaa mistari ya mlalo bila woga ikiwa myembamba na imekaribiana. Tatizo ni mistari minene michache, kwa kuwa kila mmoja hugeuka mkato, na mstari unaopinda juu ya kifua au tumbo huchora ramani ya kilicho chini. Mistari ya wima ikivutwa hupinda vivyo hivyo; nguo ikibana, mistari ndiyo inayoisema kwanza.

Nakshi zipime kwa ngumi yako. Ua lililo kubwa kuliko ngumi humeza mwili mdogo, na vidoa vidogo sana humfanya mwenye mwili mkubwa aonekane mkubwa zaidi. Lililo kati ya nusu ngumi na ngumi moja huwafaa wengi. Tazama pia ua lenyewe limeangukia wapi. Maua mawili makubwa juu ya kifua hayasameheki.

Njia ya haraka ya kupata urefu ni nguzo ya rangi moja juu na chini, kwa ndani (shati na suruali) au kwa nje (koti na suruali). Si lazima zilingane kabisa, inatosha ziwe na giza moja. Piga picha uigeuze nyeusi na nyeupe: shati na suruali vikitoka na kijivu kinachokaribiana, mkato kati yake umelainika. Mbinu hii hufichua mengi. Nyekundu na kijani, zinazopigana kwenye kioo, mara nyingi hutoka kijivu kimoja. Buluu nzito na nyeupe hukatana kwa kisu.

Kiatu kizito hutaka kitu kizito juu. Raba yenye soli nene chini ya gauni jepesi huzamisha macho miguuni, isipokuwa pawe na koti la jinzi au mkoba wa ngozi wa kusawazisha. Nywele nyingi, kilemba kikubwa au kofia pana pia ni uzito, na mwenye kichwa kilichojaa anahitaji upana kidogo chini asionekane kama uyoga.

Unaponunua na unapokwenda kwa fundi

Nguo ya juu chagua kwa mabega, suruali chagua kwa nyonga. Mshono wa bega ukae pale mfupa unapoishia. Kuusogeza kwenye koti kunataka kufungua mkono, kola na bitana, na fundi mwaminifu atakushauri uache. Kiuno, urefu na upana wa mikono ni kazi ndogo. Urefu wa msamba hadi kiunoni hauongezeki, basi usiununue kwa matumaini.

Koti likipunguzwa zaidi ya sentimita mbili au tatu, mifuko hubaki chini mno na kifungo huhama mahali pake. Kifungo cha kufungia kinatakiwa kukaa karibu na kitovu au juu yake kidogo, na koti la suti lifunike makalio, upindo wake ukiwa karibu na katikati ya kola na sakafu. Hapo nusu inakubalika kwa sababu suruali ni ya rangi ile ile na mkato umezimwa. Bugaluu likikatwa sentimita kumi hupoteza upana wake wote wa chini na goti lake hushuka chini ya goti lako. Nunua la urefu wako au mwambie fundi alibane upya kuanzia gotini.

Pamba na jinzi zifuliwe kabla ya kukatwa upindo, kwani zikipungua urefu baadaye hazirefuki tena. Nenda na viatu utakavyovaa. Fundi apige pini mguu mmoja, utembee, uketi, usimame tena, ndipo akate. Ukiketi suruali hupanda sentimita kadhaa, na iliyokatwa juu ya kifundo itaonyesha soksi yote.

Jaribio mbele ya kamera

Ukishavaa, rudia picha ya usawa wa kitovu: mbele, ubavu na nyuma. Finya macho mpaka picha iwe na ukungu. Doa unaloliona kwanza ndilo watu watakaloliona. Likiwa uso au shingo, mizani imekaa. Likiwa ukingo wa shati katikati ya mapaja, au viatu, kuna cha kubadilisha.

Badilisha kimoja kwa wakati, ukipiga picha kila mara, kwa mpangilio huu: kwanza mkato mkuu, yaani chomekea, toa au kunja, kisha viatu, kisha kipande cha nje, rangi mwisho kabisa. Wengi huanza na rangi, wakamaliza kabati lote kitandani huku shati likiendelea kuishia pale pale kwenye sentimita ya 70.